Lori, Mwambie Mama

Nchagwa angeweza kupiga kelele tangu mwanzo. Sauti alikuwa nayo, tena sauti ya fundi aliyezoea kushindana na ngurumo za injini, na pale alipolala chini ya lori palikuwa kimya kabisa. Lakini binadamu wa pekee ambaye angeisikia sauti hiyo alikuwa mama mkwe wake, na Nchagwa alikuwa amevaa chupi tu.

Basi akanyamaza. Mkono wake wa kulia ulikuwa umebanwa kati ya vyuma viwili karibu na gurudumu la nyuma, damu ikimtiririka hadi kwenye kiwiko, naye aliuma mdomo akiomba lipite gari lolote lenye mwanamume yeyote ndani yake. Ukitaka kumcheka, mcheke, lakini jiulize kwanza kama una mkwe.

Mkwe mwenyewe, Zilpah, alikuwa mzazi wa mkewe Benta, Mjaluo wa Kosele, muuza viazi vitamu, mama mnene wa kanisa la Sabato mwenye magoti yaliyokwisha kuchoka na dunia. Nchagwa alikuwa Mkuria, fundi wa malori mjini Migori. Kwa Wajaluo na kwa Wakuria vilevile, mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani ovyo. Hawakai karibu, hawataniani, na Mungu apishe mbali mmoja amwone mwenzake bila nguo. Hilo kila mtu analijua. Lakini Zilpah alikaza uzi kuliko wote. Tangu siku ya harusi hakuwahi kumwambia Nchagwa neno moja moja kwa moja. Akiwa na la kusema, alilipitisha kwa bintiye: "Benta, ambia baba Caren chai iko tayari." Na baba Caren, ambaye ndiye Nchagwa, ameketi palepale na masikio yake mawili, anajibu: "Benta, mwambie Mama nimeshukuru." Benta alichoka kuwa posta, lakini angefanya nini? Caren, mtoto wao wa kwanza, alipoanza kuongea tu, naye akaajiriwa kazi hiyohiyo.

Mwaka ule, mwaka uliofuata mvua za El Nino, Benta alijifungua mtoto wa pili. Zilpah akaja Migori kumwona mjukuu, akalala kwa muumini mwenzake kwa sababu mama halali nyumbani kwa mkwe. Siku ya kurudi, lori la tajiri mmoja aitwaye Matiko lilikuwa linapeleka kokoto Kosele, ambako zahanati ilikuwa inajengwa. Dereva alikuwa ameangushwa na malaria, na Nchagwa, aliyekuwa ametoka tu kutengeneza breki za lori hilo, akaombwa aliendeshe.

Benta aliliona jambo hilo kuwa baraka. Alipanda ndani ya lori, akalitoa ovaroli la mumewe chini ya kiti, akaondoka nalo. "Huwezi kufika kwa mama yangu ukinuka grisi," alisema. "Watu wa nyumbani wamepika." Akamvisha suruali ya harusi na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Akampa mama yake kikapu cha sukari, majani ya chai na mche wa sabuni, akakifunga kwa blada, zile tepe za mpira wa tyubu ambazo wachuuzi hufungia kila kitu. Kisha akawapungia mkono wote wawili, na hapo ndipo ilipogundulika kwamba ndani ya lori hamkuwa na posta.

Kutoka Migori hadi Rongo hawakusemezana. Kutoka Rongo kwenda mbele hawakusemezana. Nchagwa aliitazama barabara, Zilpah alitazama nje kupitia dirisha la kushoto akiwa amekipakata kikapu. Kimya kiliwabana humo ndani kuliko joto. Walipoipita Asumbi wakakuta barabara nzuri imekatwa, maji ya El Nino yaliondoka na daraja dogo la kalavati na serikali ilikuwa bado inafikiria. Wakazunguka kwa njia ya zamani iliyoota majani katikati, ambayo magari yalikuwa yameikimbia.

Ni kwenye mteremko wa njia hiyo Nchagwa alipoona mshale wa geji ya upepo wa breki unashuka.

Malori makubwa ya namna hii yana tabia ambayo mtu wa kawaida haijui. Kwenye magurudumu ya nyuma mna springi nene, zimefungiwa ndani ya makopo ya chuma, na kazi yake ni kubana breki. Zinataka kubana wakati wote. Kinachozizuia ni upepo unaotoka kwenye kompresa ya injini, unapita kwenye paipu hadi ndani ya makopo na kuzisukuma nyuma. Upepo ukivuja, springi zinaamka, lori linasimama hapo lilipo, na hata ukileta ng'ombe wa kijiji kizima halivutiki. Nchagwa aliyajua hayo kama anavyoujua uso wa mwanawe. Alisimamisha lori likiwa limeelekeza pua chini ya mteremko, akaitazama suruali yake ya harusi, akashusha pumzi.

"Nitaingia chini ya gari," alikiambia kioo cha mbele. "Nitavua nguo zisichafuke."

Kioo hakikujibu, lakini Zilpah alisikia, akashuka. Magoti yalikuwa yamevimba kwa kukaa sana, kwa hiyo aliketi kwanza kivulini, upande wa kushoto wa lori, akavua viatu, akanyoosha miguu.

Nchagwa alitafuta mawe mawili, akayakandamiza mbele ya magurudumu ya upande wa kulia, moja gurudumu la mbele na moja la nyuma. Akazunguka na jiwe la tatu aende upande wa kushoto. Alichokiona ni miguu ya mama mkwe, mitupu mpaka magotini, imenyooshwa. Alirudi nyuma kama aliyekutana na kifutu njiani. Akalitupa jiwe, akajisemea kwamba mawili yatatosha, kwani si ataingia na kutoka tu? Alipoanza kufungua vifungo vya shati, Zilpah aliinuka kwa heshima zake, akachukua kikapu na viatu, akaenda kuketi mbali, kwenye ua wa minyaa, akalipa lori mgongo na kujifunika leso kichwani ili hata jicho likikosa adabu lisione kitu.

Heshima si utumwa, wahenga walisema. Ni kweli, lakini wahenga hawakuwahi kulala chini ya lori la kokoto.

Nchagwa aliiacha gia huru kwa sababu alidhani angewasha na kuzima injini mara kadhaa. Akaachilia hendibreki ili upepo ufike nyuma, maana uvujaji wa upande huo hausikiki hendibreki ikiwa imefungwa. Akazima injini apate kusikiliza. Kisha akatambaa moja kwa moja hadi kwenye kopo la gurudumu la nyuma la kulia. Kwa nini hilo? Kwa sababu wiki hiyohiyo alikuwa amebadilisha mpira wa ndani yake kwa haraka, na dhamiri ya fundi humpeleka penye kazi aliyoilipua. Alilowesha vidole kwa mate, akavipitisha kuzunguka ungio la kopo aone kama vitapata ubaridi wa upepo. Ili kufika nyuma ya kopo, ilimbidi apitishe mkono mbele ya wenzo wa breki, kile chuma kifupi kinachosukumwa na springi. Kwenye lori la kawaida pana nafasi hapo ya kutosha ngumi mbili. Kwenye lori la Matiko, fundi fulani wa kuchomelea alikuwa amepachika kipande cha chuma kushikilia ekzosi, na nafasi ikabaki ya mkono mmoja.

Huko mbele, mbali na masikio yake, kitu kilichokuwa kikivuja polepole kilipasuka.

Alisikia sauti tu, *fyaaa*, kama sufuria ya maji inayomwagwa juu ya moto. Alijua maana yake kabla haijaisha. Alivuta mkono, lakini wenzo ulikuwa umeshaanza kuja, bila haraka, kwa nguvu ya lango linalofungwa na mtu asiyekuona, ukamkandamiza mkono kwenye kile chuma cha ekzosi. Ukatulia hapo.

Maumivu yalikuja baadaye kidogo, yalipokuja yakaja yote.

Alijaribu kuvuta. Alijaribu kupinda. Alifikiria bolti ambayo kila kopo huja nayo, ya kuirudisha springi kwa mkono hata kama hakuna upepo, akakumbuka kwamba bolti za lori hili zilipotea zamani na matundu yake Matiko aliyaziba kwa matambara. Alifikiria nati iliyo kwenye wenzo, akaogopa hata kuifikiria, kwani mtu akiilegeza, wenzo ungesogea mbele zaidi na mkono ungekuwa chapati. Dawa ilikuwa moja: upepo urudi. Na upepo usingerudi mpaka uvujaji upatikane, na wa kuutafuta ndiye huyu aliyelala.

Sisimizi walikuwa wameshasikia harufu ya damu. Vidole viwili vya mwisho havikuwa vikimuuma tena, na hilo ndilo lililomtisha. Mkono huu ndio uliomwoa Benta. Ndio uliojenga nyumba, ndio ungemsomesha Caren na huyo mdogo ambaye hata jina hajapata. Fundi wa mkono mmoja mjini Migori ni mlinzi wa lango la fundi mwingine. Alilia, nikiwaambia ukweli, alilia kwa sauti ya chini ili mkwe asisikie.

Barabara ilibaki tupu. Lisilobudi hutendwa.

"Mama!" aliita.

Kule kwenye minyaa, Zilpah alikaza leso. Kijana amepiga makelele akiwa hana nguo. Mama mwenye adabu anafanya nini? Anatazama mbele zaidi.

"Mama! Nakufa!"

"Uwi!" Zilpah alisimama wima, mgongo bado umelielekea lori. "Nani anakufa?" aliiuliza minyaa.

Nchagwa alifungua kinywa amjibu, na kwa mazoea ya miaka yote ya ndoa yake, akatafuta kwanza wa kumtuma. Hakukuwa na Benta, hakukuwa na Caren. Juu ya uso wake palikuwa na chesisi tu.

"Lori," alisema, machozi yakimwingia masikioni, "mwambie Mama mkono wangu umebanwa. Mwambie siwezi kutoka. Na umwambie sijavaa."

Kisha akasikia hatua nzito zikija, zikisita, zikija. Akageuza kichwa, akaona visigino. Mama mkwe wake alikuwa anakuja kinyumenyume, hatua kwa hatua, akipapasa njia kwa miguu mitupu. Alipofika kwenye lori aliivua leso kichwani, akairusha chini nyuma yake bila kutazama.

"Lori, ambia baba Caren leso iko hapo. Akijifunika aseme."

Nchagwa aliivuta kwa kidole cha mguu, kisha kwa mkono wa kushoto. "Lori, mwambie Mama nimejifunika."

Zilpah aligeuka, akapiga magoti huku akiguna, akainama, akatazama. Macho hayana pazia. Aliuona mkono ulivyokuwa mweusi, akaona sisimizi, akaona vyuma. "Yawa," alisema taratibu, akajishika mdomo.

"Lori, mwambie Mama aende barabarani atafute watu."

"Lori, ambia yeye watu gani? Gari ya mwisho kupita hapa ni hii yetu. Na hii magoti ikifika Asumbi, jua nayo imefika kwao."

Alisema kweli. Nchagwa akafumba macho, akaanza kueleza, akikatizwa na maumivu. Upepo ukirudi chuma kitaachia. Kuna mahali paipu imepasuka, hajui ni wapi. Mama achukue ule mche wa sabuni, atengeneze povu, aanzie kwenye tangi, afuate kila paipu na kila ungio akipaka, na pale povu litakapovimba mapovu makubwa ndipo penye tundu. Paipu ni nyingi. Itachukua muda, lakini afanye haraka. Na injini iwashwe kwanza, na ili iwashwe...

Akagundua Zilpah hajasogea.

"Lori, mwambie Mama mkono unaoza!"

"Lori," Zilpah alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "ambia baba Caren hiyo kitu najua mahali iko. Inalia chini ya miguu yangu. Pale kwa mlango. Inalia kama nyoka tangu Rongo."

Nchagwa alidhani amesikia vibaya.

"Tangu Rongo?" Hapo alisahau lori. "Mama! Umesikia tangu Rongo, umekaa juu yake, umenyamaza?"

"Ningeambia nani?" Zilpah naye akasahau. "Tulikuwa wawili!"

Hasira ilimpanda Nchagwa hadi akaona giza. Alitaka kusema maneno ambayo mtu hamwambii hata mbwa wa ukweni. Mwanamke huyu ameuuza mkono wake kwa ajili ya heshima! Laiti angekohoa. Laiti angeonyesha kwa kidole. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno, na hapo ndipo akakumbuka mawe, hasira ikamrudia yeye mwenyewe.

Kwa maana ile breki iliyoushika mkono wake ndiyo iliyokuwa imelishika lori. Ikiachia mkono, itaachia lori pia, na mzigo wote wa kokoto, safari hii ukitikiswa na injini, utaegemea mawe mawili yaliyo upande mmoja. Lori litapinda, litateleza, na magurudumu ya nyuma yatapita juu ya yeyote aliyelala mbele yake. Alikuwa amefungwa na kitu kilekile kilichokuwa kinamlinda.

"Lori," alisema kwa upole mpya, "mwambie Mama kabla ya yote aweke mawe. Upande wa kushoto."

"Lori, uliza yeye, kwani hakuweka?"

"Hakuweka."

"Fundi mzima? Kwa nini?"

"Mama alikuwa amenyoosha miguu."

Zilpah aliitazama miguu yake, iliyokuwa imejaa vumbi. Aliinuka akashikilia ubao wa lori, akaenda.

Nchagwa alimsikia akihema kule chini ya mteremko penye mabaki ya mtaro, akamsikia akirudi, akasikia jiwe likitua mbele ya gurudumu. "Kubwa zaidi, Mama," alisema. Akaenda tena. Kwa Nchagwa, kila jiwe lilichukua maisha mazima. Safari moja Zilpah alianguka, akakaa chini akimwita Nyasaye, Mungu wa kwao, na Nchagwa aliyekuwa hoi alijikuta anamwombea mama mkwe magoti. Mpaka mawe yakawa mawili mbele ya kila gurudumu la kushoto, yamekandamizwa kwa mgongo na matusi ya Kijaluo.

Kisha akapiga magoti penye ngazi ya mlango wake. Ilikuwa palepale. Paipu nyeusi ya plastiki, nene kama kidole, ilikuwa ikisuguliwa na ukingo wa ngazi kila lori liliporuka shimo, mpaka ikaliwa, mpaka ikachanika kwa urefu. Alimweleza anachokiona, naye Nchagwa akamuuliza kama kikapu bado kina blada.

"Lori, mwambie Mama avute mpaka ikaribie kukatika, azungushe juu ya mpasuko, tabaka juu ya tabaka. Kama anafunga gunia la viazi la kwenda Nairobi."

"Hiyo hakuna mtu atanifundisha," Zilpah alisema.

Alifunga. Akapanda kwenye kiti cha dereva, mahali ambapo hakuwahi kuwaza kukaa maishani. Nchagwa alimwelekeza kutoka chini: mti wa gia auchezeshe huku na huku, ukicheza uko huru, hendibreki asiiguse, aweke ufunguo, azungushe.

"Lori, ambia baba Caren ikikimbia na mimi, tutaonana mbele ya Mungu."

Injini ilikohoa, ikashika. Mtetemo wote wa lori lile ulipita kwenye mfupa wa mkono wake na Nchagwa akapiga kelele ambazo Zilpah hakuzisikia kwa sababu ya ngurumo. Upepo ukaanza kuingia. Aliusikia ukipanda kwenye tangi, ukipita kwenye paipu, na kisha akausikia unatoka tena, *psss*, pembeni mwa blada.

"Mama! Inavuja bado! Shika kwa mikono!"

Sijui alimsikiaje. Labda hakumsikia, labda aliisikia ile nyoka yake. Alishuka akiteleza, na kwa kuwa paipu ilikuwa ndani zaidi kuliko mkono ungefika, mama mnene wa Kosele alilala kifudifudi kwenye vumbi, akajiingiza chini ya lori nyuma ya gurudumu la mbele, akaikumbatia paipu kwa viganja vyote viwili, akabana.

Ili abane vizuri ilimbidi ageuzie uso nyuma. Na nyuma alikuwa Nchagwa. Kwa mara ya kwanza tangu harusi, walitazamana. Hapakuwa na pa kuyapeleka macho. Mmoja amejifunika leso kiunoni, kifua wazi, kamasi na machozi usoni. Mwingine nywele zake za mvi ziko nje, gauni limepanda, mashavu yanatetemeka kwa nguvu ya kubana. Walitazamana hivyo, chini ya tani zile zote za kokoto, na kila mmoja aliona kwamba mwenzake ana hofu.

Mlio ukakoma. Upepo ukaanza kujaa.

Chuma kilisogea unene wa ukucha. Wakati huohuo lori likaguna na kwenda mbele. Jiwe la kulia likateleza kwenye murami wa njia likikwaruza, gurudumu la mbele likasogea mbali na kichwa cha Zilpah, kisha ubavu wote wa kushoto ukashuka juu ya mawe yake. Alifumba macho. Hakuachia.

Mawe yakashika.

Nchagwa alivuta. Ngozi ilibaki pale, lakini mkono ukatoka, na maumivu ya damu inayorudi yalimkata pumzi asiweze kutoa hata sauti.

"Lori, ametoa?" Zilpah aliuliza, macho bado yamefumba. Lori lilikuwa linanguruma tu. "Lori! Ametoa?" Akapaza sauti yake yote: "Nchagwa! Nchagwa! Umetoa mkono?"

"Nimetoa, Mama," alisema. "Achia."

Aliachia. Upepo ukafoka, na wenzo ukarudi kugonga chuma cha ekzosi kwa kishindo, pale ambapo hapakuwa tena na mkono.

Walikaa sana pembeni mwa barabara, kila mmoja ametazama kwake. Nchagwa alijaribu vidole. Vitatu viliitika, viwili vya mwisho vilikuwa vimepinda na havikusikia la mtu, lakini spana ingeshikika. Zilpah aligeuza mgongo mpaka Nchagwa alipovaa suruali, kisha akamfungia vifungo vya shati, Nchagwa akitazama mawingu. Kisha akaichukua leso, akauviringisha ule mkono kwa nguvu ileile ya gunia la Nairobi.

Paipu ilitengenezwa sawasawa. Kwa mkono wa kushoto Nchagwa aliikata mahali palipochanika, akaingiza kati ya ncha mbili kipande cha bomba la shaba kutoka kisanduku cha vifaa, na Zilpah akakaza klipu kwa bisibisi mpaka akaambiwa basi. Akaifunga mbali na ngazi kwa blada iliyobaki. Akapaka povu la sabuni. Wote wawili waliinama kulitazama, na povu likatulia bila kuvimba.

Walienda polepole, Nchagwa akiuzungusha usukani kwa kiganja kimoja na kiwiko. Walipokaribia Kosele ndipo alipozungumza.

"Lori, mwambie Mama tutasema ni mlango. Mlango umenifungia mkono."

"Lori, ambia baba Caren ni sawa," Zilpah alisema baada ya kufikiri. "Ni mlango."

Nyumbani walikuwa wamesubiri tangu mchana. Shangazi za Benta walikuwa wamejipanga langoni, mmoja ameshika beseni la maji ya kunawa, vigelegele vimeanza kabla lori halijasimama. Hapo Nchagwa akakumbuka mkono. Leso ile kila mtu pale aliijua, ni ya Zilpah ya kwendea kanisani. Nguo ya mama mkwe imetokaje mwilini mwake ikaenda mwilini mwa mkwewe? Hilo halikuwa swali la mlango. Aliinamisha kichwa chini ya dashibodi, akashika fundo kwa meno, akaanza kulifungua, damu ikatokeza.

Zilpah aliwatazama wale wapiga vigelegele. Akaitazama dashibodi kana kwamba anatafuta la kuituma, akafungua kinywa, akakifunga. Kisha akamgeukia.

"Wacha hivyo," alimwambia usoni. "Wacha waone."

Alifungua mlango wake, akashuka polepole kwa sababu ya magoti, akasimama pale chini akimngoja, ili waingie pamoja.